Picha ya Kichwa cha Mume Wangu

Kuna watu hapa Morogoro ambao mpaka leo wakinikuta njiani hunisalimia kwa sauti ya kunihurumia, halafu wakishanipita husema yule mama ana roho ngumu. Najua wanasema, maana wengine husema kabla hawajafika mbali. Roho yangu inaitwa ngumu kwa sababu siku ya mazishi ya mume wangu nilikataa kutamka neno nililoombwa kutamka. Nataka nieleze ilivyokuwa. Sitaeleza kwa upole. Upole wangu mwingi niliutumia nikiwa kijana na haukunisaidia kitu.

Mume wangu alikuwa fundi mkuu wa mashine katika kiwanda kimoja cha serikali kule Kihonda. Kwao ni Kondoa. Mimi ni Mluguru wa Kinole, juu milimani, na tulifahamiana nilipokuwa ndiyo kwanza nimepangiwa kufundisha shule ya msingi mjini. Tulipanga nyumba Mafiga, tukazaa mtoto mmoja wa kike, na baada ya huyo mimba mbili zikaharibika. Nje alikuwa mtu wa kuheshimika. Hakunywa pombe, hakukosa sala ya Ijumaa, shati lake lilipigwa pasi hata siku za kazi. Vijana wa kiwandani walimwamkia shikamoo wakiwa bado mbali.

Nyumbani alitawala. Kama mchuzi umezidi chumvi aliinua bakuli zima akaumwaga uani, kimya, mbele yangu na mtoto, halafu akarudi kukaa asubiri mwingine. Kwenda Kinole kumwona mama yangu niliomba ruhusa, na ruhusa ilitoka ikiwa nimeshakata tamaa. Akikasirika hakugomba. Alininyamazia, wiki nzima, wiki mbili, akiongea na mtoto tu na kucheka naye, mimi nikipita kati yao kama kiti. Na alimpenda yule mtoto, hilo sitamnyima. Alimfundisha kufungua redio na kuifunga tena, akamnunulia viatu vya shule kabla ya kujinunulia vyake.

Mwaka mmoja nilipendekezwa kuwa mwalimu mkuu msaidizi. Sikumwambia siku ile ile. Nilitaka nimtafutie saa nzuri. Saa nzuri haikufika, kwa sababu alisikia kwa watu. Alivaa shati lake la pasi, akaenda shuleni nikiwa darasani, akamwambia mwalimu mkuu kwamba mimi ndiye niliyemtuma. Alimwambia siwezi kazi hiyo. Alimwambia nina matatizo ya kizazi, mimba zinaharibika, daktari ameshauri nipumzike. Nilikuja kuyasikia kwenye chumba cha walimu, kwa mwalimu mwenzangu aliyenipa pole kwa ugonjwa wangu. Walimu wanaume walikuwa wamekaa pale wakiangalia madaftari yao.

Jioni nilimuuliza. Akanipiga kofi moja tu, la sikio la kushoto, na nikaona meza imekuja usoni kwangu. Usaha ulitoka baadaye, ukakauka. Mpaka leo mtu akiniongelesha kutoka upande huo simsikii vizuri.

Naomba msomaji ashike kwamba siku hiyo mume wangu alikuwa mzima. Nasema hivyo kwa uhakika kwa sababu kila Alhamisi nilimwandalia karai la maji ya moto na nikamsugua visigino kwa jiwe, ndivyo alivyotaka. Nyayo zake nilizijua kuliko viganja vyangu. Visigino vyake wakati ule vilikuwa safi.

Kisha zikaja zile habari za kuuzwa kwa viwanda. Tulikuwa tumeshazoea mabadiliko. Sabuni ilikuwa imerudi madukani, mitumba imejaa sokoni, kila mwenye chumba cha mbele amefungua duka, na watu wakasema sasa ni ruksa. Kiwandani kwake ruksa ilifika kwa sura nyingine. Alikuja mwekezaji, akatembezwa kwenye mashine, na mume wangu ndiye aliyempa maelezo ya kila mashine. Baada ya hapo wafanyakazi wengi walipunguzwa, naye akiwamo. Zahanati ya kiwanda nayo ikafungwa.

Kabla kidogo ya kupunguzwa kwake niliona doa. Lilikuwa kwenye kisigino cha kulia, jeusi, dogo kama punje ya mtama. Nilidhani ni uchafu, nikasugua kwa jiwe halikutoka. Nikamwambia. Akasema ni kiwanda hicho, ni grisi imeingia kwenye ngozi. Likakua, kingo zake zikawa kama zimechorwa na mtoto, na baadaye likapasuka na kuanza kutoa majimaji. Kule kwenye zahanati ya kiwanda, siku za mwisho mwisho, walimwambia ni sugu. Muuza duka la dawa akampa mafuta ya kupaka. Lilipoanza kumfanya achechemee, akaenda kwenye kliniki moja ya binafsi, zile zilizokuwa zinaota kila mtaa wakati ule, hii ikiwa nyuma ya baa.

Nilikwenda naye. Alichomwa sindano ya ganzi, yule tabibu akakata kile kidonda kama mtu anayemenya kiazi, kipande akakitupa kwenye ndoo iliyokuwa na pamba na damu za watu wengine. Nilimuuliza hicho kipande hakipimwi.

"Kipimwe nini, mama?" akasema. "Ni nyama mbaya tu. Imetoka."

Akafunga bendeji, muziki wa baa ukiendelea upande wa pili wa ukuta. Nimelifikiria lile jibu miaka yote hii. Ile kliniki ilikua, ikajenga vyumba vya kulaza wagonjwa, ikapakwa rangi, ikaweka bango. Nikipita mbele yake navuka barabara. Sipendi kuvuka, lakini nisipovuka nahisi nitaingia ndani na kumshika mtu koo, na yule tabibu mwenyewe ameshaondoka siku nyingi.

Kisigino kilipona juu juu. Baada ya miezi kadhaa akaota tezi kwenye kinena, akasema ni ya kutembea sana akitafuta kazi. Halafu akaanza kubadilika.

Mwanzoni sikujua ni mabadiliko, nilidhani ni yeye yule amezidi. Alilalamika kichwa asubuhi. Alikasirika haraka, na sasa hakuninyamazia, alitukana kwa sauti, matusi ambayo sikujua kama anayajua. Kisha yakaja mambo ambayo hayakuwa yake kabisa. Alicheka msibani. Alikojoa kwenye kona ya sebule mbele ya binti yake, akafunga zipu na kuuliza chakula kiko wapi. Alianza kukosa maneno. Ufunguo akauita kijiko, mimi akaniita kwa jina la marehemu dada yake. Siku moja alinirushia sufuria ya uji wa moto, ikapita begani, akaketi chini akalia kama mtoto aliyeogopa kelele.

Majirani walisema mawazo ya kukosa kazi yamempanda kichwani. Kaka yake alikuja kutoka Kondoa, mtu mzima, mfanyabiashara wa ng'ombe, na yeye alikuwa na maelezo mengine. Aliniambia mbele ya wageni, akiwa ameshika kikombe cha chai niliyompikia:

"Shemeji, sisi tunasikia habari za wanawake wa milimani. Mume akianza kuwa mkali mnamtuliza kwa mambo yenu. Kama umempa kitu, sema sasa tumpeleke kunakohusika kabla hajaharibika zaidi."

"Shemeji, sijampa kitu," nikamwambia.

"Mimi nimesema kama."

Mama yangu alikuwepo, ameteremka na ndizi. Aliinuka akaenda jikoni, na nilisikia akiosha vyombo vilivyokuwa safi.

Hospitali ya mkoa tulikwenda baada ya yeye kuanguka kifafa sokoni, mbele ya wauza nyanya. Daktari wa pale alimpima, akamwambia ainue mikono yote miwili na kufumba macho. Mkono wa kulia ukashuka wenyewe taratibu, na yeye akadhani bado ameuinua. Daktari akasema kuna kitu ndani ya kichwa, na kwamba hapa Morogoro hana mashine ya kumwonyesha. Lazima twende Dar es Salaam kwa kipimo cha siti skani.

Tulipanda basi Msamvu watu watatu, mimi, yeye na kaka yake. Tulipofika Kingolwira, kwenye mashamba ya magereza, wafungwa walikuwa wanapalilia kwa mstari. Mume wangu akanigusa goti akanionyesha.

"Shule yako ile," akasema.

Kaka yake alifuta machozi. Mimi sikulia. Nilijiuliza kama amekosea neno au amekusudia.

Dar es Salaam alilazwa kwenye kitanda cha mashine, kichwa chake kikaingizwa kwenye ile pete kubwa nyeupe. Kwanza walimpiga picha hivi hivi, halafu wakamchoma sindano ya dawa ya kuonyesha mishipa, wakapiga tena. Niliruhusiwa kusimama nyuma ya kioo. Nakumbuka miguu yake imetoka nje ya shuka, na yeye, fundi wa mashine hata siku ile, alikuwa anasikiliza jinsi ile pete inavyozunguka. Nilimwona anasikiliza. Aliponyanyuka akaniambia, "Hiyo beringi nzuri." Sentensi nzima, bila kukosea.

Daktari aliyetuita alikuwa kijana kuliko mimi, mpole, amechoka. Alitundika zile picha kwenye kisanduku cha taa ukutani. Nilikuwa sijawahi kuona ndani ya kichwa cha mtu. Nilitegemea kitu cha kutisha, na kumbe ilikuwa karatasi ngumu nyeusi yenye vichwa vingi vidogo kwa mistari, kama matunda ya mabungo yaliyokatwa vipande. Ndani ya kila kipande palikuwa na madoa meupe ya mviringo. Matatu yalikuwa makubwa, madogo sikuyahesabu. Pembeni mwa yale makubwa palikuwa na weusi uliotanda.

"Haya meupe ndiyo uvimbe," daktari akasema. "Weusi huu ni maji, ubongo umevimba kuyazunguka. Yako mengi, kwa hiyo hayakuanzia hapa. Yametoka mahali pengine mwilini. Mzee ana kidonda chochote, au doa jeusi ambalo lilikuwa linakua?"

Nilimvua mume wangu soksi. Daktari akainama, akaangalia kisigino, akagusa kovu, kisha akapapasa kinena.

"Hapa walikata nini?"

"Doa. Lilikuwa jeusi."

"Majibu ya maabara yalisemaje?"

"Kipande hakikupelekwa maabara. Kilitupwa kwenye ndoo."

Daktari alikaa. Kisha akatueleza kwamba ni saratani ya ngozi, ile inayoanzia kwenye rangi ya ngozi, na kwamba watu weusi huwapata kwenye nyayo na viganja, mahali wasipopaangalia. Alisema ikikatwa mapema na kukatwa vizuri watu wengine hupona. Aliyasema haya kwa sauti ya chini akinitazama mimi, na mimi ndiye niliyeliona doa hilo likiwa kama punje ya mtama, nikalisema, nikajibiwa grisi, nikajibiwa sugu, nikajibiwa nyama mbaya tu. Sijui kama nimewahi kukasirika vile.

Shemeji akauliza, "Na hizi tabia zake, daktari? Matusi, kupiga watu?"

Daktari akaweka kidole kwenye doa kubwa kuliko yote. "Hili liko mbele. Sehemu hii ndiyo inayomzuia mtu asifanye kila linalomjia. Ikiharibika, mtu hajizuii. Msimlaumu."

"Kwa hiyo siyo yeye."

"Ni ugonjwa, mzee wangu."

Shemeji akashusha pumzi ndefu. Akatoka nje kutafuta maji ya kunywa, na nikaona nimebaki na nafasi moja.

"Daktari," nikasema, "haya madoa yana muda gani?"

"Ni vigumu kusema. Miezi."

"Yanaweza kuwa na miaka? Kabla hata ya lile doa la mguuni?"

"Hapana, mama. Angekuwa ameshafariki siku nyingi."

"Basi naomba shemeji akirudi umwambie hivyo. Mwambie kwamba mambo ya miaka ya nyuma hayahusiani na picha hii."

Aliniangalia, na nadhani alinielewa. Aliangalia pia sikio langu, kwa sababu nilikuwa nimemgeuzia lile zima. Halafu akasema, "Mama, mimi nasoma picha. Mambo ya ndani ya nyumba hayamo humu."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, na nilimchukia kwa kusema hivyo. Shemeji aliporudi, mazungumzo yalikuwa yamehamia kwenye dawa. Daktari alisema mionzi ingeweza kumpunguzia, isingemponya. Shemeji akasema tutarudi nyumbani. Hakuniuliza. Tukapewa vidonge vya kupunguza ule uvimbe wa maji, na bahasha kubwa yenye picha, ambayo shemeji aliibeba mwenyewe, kwapani, mpaka Morogoro.

Kesho yake nyumba ilijaa. Shemeji alisimama dirishani sebuleni, akainua ile picha kwenye mwanga wa jua, akawaonyesha watu mmoja mmoja kwa kidole kama alivyofanya daktari. "Mnaona hili? Hili ndilo lililokuwa linatukana. Hili ndilo lililokuwa linapiga. Ndugu yangu hana kosa." Jirani yangu, mwanamke aliyenikanda uso kwa maji ya moto siku ya lile kofi, akaangalia picha, akaniangalia mimi, akasema, "Kumbe miaka yote hiyo maskini alikuwa anaumwa." Binti yangu alisimama mbele ya wote. Alishika pembe ya ile picha kwa vidole viwili, kwa uangalifu, na uso wake ulikuwa umefunguka kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Kabla ya picha, kosa lilikuwa langu na dawa zangu za milimani. Baada ya picha, halikuwa la mtu yeyote. Hapakuwa na siku hata moja katikati ambapo kosa lilikuwa lake.

Vile vidonge vilifanya jambo ambalo hakuna aliyenitayarisha nalo. Baada ya siku chache uvimbe ulipungua na akili ikamrudia. Maneno yakarudi, ufunguo ukawa ufunguo. Aliomba wembe akanyoa ndevu. Alimwita binti yake wakafungua redio pamoja, akimwelekeza kwa mdomo kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa bado hauna nguvu. Watu walikuja kumwona wakasema Mungu mkubwa. Na siku moja mchuzi ulizidi chumvi kidogo, akauonja, akavuta bakuli kwa mkono wa kushoto, akaumwaga uani, akakaa kusubiri.

Nilisimama mlangoni nikiangalia kuku wanavyodonoa ule mchuzi. Ugonjwa ulikuwa umelala, na huyu hapa ndiye aliyekuwa chini yake.

Asubuhi moja alikuwa amekaa mkekani akiota jua, mimi nachambua mchele kando yake. Mtoto alikuwa shuleni, shemeji amekwenda sokoni. Nilijua vidonge havitamshikilia muda mrefu.

"Unakumbuka nilipopendekezwa kuwa msaidizi wa mwalimu mkuu?" nikamuuliza.

"Nakumbuka."

"Unakumbuka ulikwenda kusema nini?"

"Nilisema huwezi."

"Kwa nini?"

Alifikiri. Hakuwa anatafuta maneno. Alikuwa nayo yote. "Ungekuwa mkubwa kule, ungerudi hapa ukiwa mkubwa. Mimi ningekuwa nani?"

"Na sikio?"

"Nilikupiga."

"Kaka yako anawaambia watu ulikuwa ugonjwa."

"Namsikia."

"Ulikuwa ugonjwa?"

"Hapana," akasema. Kuku mmoja alisogelea ungo, akamfukuza kwa mguu. "Lakini waache waseme hivyo. Mtoto naye anasikia. Mwache aamini hivyo hivyo."

"Na mimi je?"

"Wewe unajua. Inatosha."

Halafu akaomba chai.

Nilikwenda jikoni nikabandika maji, kwa kuwa mgonjwa akiomba chai anapewa. Kama angeniomba msamaha pale mkekani, nadhani ningempa, na labda ningelinyamazia jambo hili mpaka kaburini kwangu. Alichoniomba ni nimsaidie kujificha. Alitaka afe akiwa safi mbele ya watu, mimi nikiwa mlinzi wa mlango. Na aliniomba kwa utulivu wa mtu anayejua atapewa, maana kila alichowahi kuomba alipewa.

Vidonge vilishindwa kabla ya mvua za vuli kukolea. Maumivu ya kichwa yalimrudia, akaanguka tena mara kadhaa, akawa hamtambui hata mtoto. Nilimwogesha, nilimgeuza, nilimlisha uji kwa kijiko, na sitaki kusifiwa kwa hayo. Alikufa mchana, mimi na mama yangu tukiwa tumekaa kila mmoja upande wake.

Siku ya mazishi maiti iliposhaoshwa na kukafiniwa, wanawake tulikuwa uani, wanaume barazani. Shemeji akaja mpaka mlango wa uani. Alikuwa amelia kweli, macho mekundu, na nilimwonea huruma. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Shemeji, tunamtoa ndugu yetu. Kabla hatujamtoa tunaomba useme mbele ya watu kwamba umemsamehe. Yote yaliyotokea humu ndani yalikuwa maradhi. Sote tumeiona picha."

Mama yangu akanishika mkono akaninong'oneza kwa Kiluguru niseme tu, ni neno, yaishe twende zetu. Hata yeye nilimkasirikia. Binti yangu alikuwa amejiegemeza kwenye ubavu wangu, na nilihisi amekaza mwili akingoja.

Nikasema, "Shemeji, aliyonifanyia akiwa mgonjwa sina la kumsamehe, kwa sababu mgonjwa hana kosa. Ila kuna aliyonifanyia akiwa mzima. Nilimuuliza mwenyewe akiwa na akili zake, akaniambia hayakuwa ugonjwa. Na hakuniomba msamaha. Sasa ninyi mnaniombea nini ambacho yeye hakukitaka? Mchukueni mkamstiri. Hayo mengine tutamalizana mbele ya Mungu."

Wanawake walishika midomo. Mmoja alianza kulia kwa sauti, ili kuyazima maneno yangu. Shemeji aligeuka akarudi barazani. Waliinua jeneza wakaondoka nalo, na nilisikia wakisoma mpaka sauti zikapotelea upande wa makaburi.

Ndugu zake hawakungoja arobaini. Waliondoka na ile bahasha ya picha, nami sikuwazuia. Nilikaa eda yangu, nikarudi darasani. Nafasi ya mwalimu mkuu msaidizi ilikuwa na mtu mwingine, na baada yake akaja mwingine, na mimi nilistaafu nikiwa mwalimu wa darasa. Mama alinitaka nirudi Kinole, kwenye shamba la ukoo wetu. Nilimwambia nitakwenda nikichoka na mji, siyo kwa kufukuzwa na maneno ya watu.

Aliyeniumiza ni binti yangu. Alikuwa akinijibu ninapomuuliza, basi. Mwaka mzima nilipika, nikafua, nikakagua madaftari yake, na yeye akanipa majibu ya neno moja moja. Kunyamaza huko nilikuwa nakujua, nilijua alikokutoa. Nilimwacha. Alikwenda sekondari ya bweni, akaenda chuo, akapata kazi Dodoma, akawa anamtembelea baba yake mkubwa Kondoa kila likizo. Kule, aliniambia siku moja, ile picha bado ipo, wameiweka juu ya kabati.

Alikuwa ameshaolewa alipokuja kuniuliza. Tulikuwa tumekaa jikoni, anakatakata mchicha.

"Mama, ni kweli baba alisema vile? Kwamba hayakuwa ugonjwa?"

"Ni kweli."

"Alisema kwa mdomo wake?"

Nikamwelezea pale mkekani, neno kwa neno, pamoja na kuku na ile chai. Hakunikatisha. Alipoona nimemaliza aliendelea kukata mchicha uliokuwa umeshakatika. Kisha akasema, bila kuniangalia:

"Ungeniachia ile picha, mama. Nilikuwa mtoto."

"Na mimi nilikuwa nani?" nikamuuliza.

Machozi yalimtoka, na sidhani yalikuwa yangu; yalikuwa ya baba yake, ya viatu na redio. Nilimwacha alie. Nilimwambia baba yake alimpenda kweli, na hilo nalo halikuwa ugonjwa. Nilimwambia achukue lote, zuri na baya, kwa sababu mimi sikupewa nafasi ya kuchagua.

Tukala. Akaosha vyombo, akalala kwangu, na asubuhi nikamsindikiza Msamvu. Kabla hajapanda basi aliniinamia akanisemesha kitu sikioni, upande ule mbovu, sikusikia. Nilipomwomba arudie, kondakta alikuwa anagonga mlango, akatikisa kichwa, akapanda. Anapiga simu kila Jumapili. Tunaongea habari za watoto wake, bei ya mchele, mvua za huku. Hatujaligusa tena jambo lile, na hasira yangu iko pale pale, naamka nayo na kulala nayo, na kazi zangu zote nazifanya.